Madrid, Barcelona, Sevilla au Granada? Kuchagua mji mmoja wa Hispania kwa likizo fupi

Mwenye siku tatu au nne za kupumzika Hispania hawezi kuiona nchi. Anaweza kuuona mji mmoja, na kuuona vizuri. Nalisema hili mapema kwa sababu ramani ya treni za huko inashawishi. Kutoka Madrid hadi Barcelona ni zaidi ya kilomita 600, na treni ya mwendokasi inazimaliza kwa saa mbili na nusu hivi. Basi mtu anaanza kupanga: Ijumaa Madrid, Jumamosi Barcelona, Jumapili Sevilla. Akijumlisha kufunga begi, kurudisha ufunguo wa chumba, kukaguliwa mizigo kituoni na kutafuta hoteli nyingine, sehemu kubwa ya likizo imeishia njiani.

Hapa naiweka mezani miji minne ambayo wengi hukwama kati yake: Madrid, Barcelona, Sevilla na Granada. Nitaipima kwa mambo matano: urahisi wa kufika na kuzunguka, hali ya hewa, vya kuona, chakula na mahali pa kuswali, kisha gharama pamoja na bughudha. Kila mmoja una mtu wake na mwezi wake, na kwa safari fupi mwezi una uzito kuliko watu wanavyodhani.

Kufika na kuzunguka

Kwa anayetoka Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, Madrid na Barcelona ndiyo miji rahisi kufika. Emirates na Qatar Airways zinatua katika miji yote miwili, na Ethiopian Airlines inafika Madrid kutoka Addis Ababa. Sevilla ina uwanja wa kutosha, ila safari zake nyingi ni za Ulaya, kwa hiyo inamfaa zaidi ndugu aliyeko London au Brussels. Uwanja wa Granada ni mdogo. Wengi hushukia Málaga wakapanda basi kwa saa moja na nusu hadi mbili, au huja kwa treni kutoka Madrid, safari ya saa tatu na nusu hivi. Mwenye siku tatu tu anapaswa kulifikiria hilo kwa makini.

Ukishafika, mambo yanageuka. Madrid ina metro inayoanzia uwanja wa ndege na kufika karibu kila kona ya mji, na Barcelona nayo haiko nyuma. Lakini Sevilla ni tambarare. Mitaa yake ya zamani inashikana, na mtu anaweza kukaa siku tatu bila kupanda chombo chochote zaidi ya baiskeli ya kukodi. Granada pia ni mji wa miguu, ila ni wa milima: mtaa wa Albaicín umejengwa mlimani, njia zake zimetandazwa mawe, na ngazi haziishi. Kuna vibasi vidogo vinavyopenya humo na kupanda hadi kasri la Alhambra. Hata hivyo mzazi mwenye magoti mabovu ataumia.

Kuhusu viza, wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wote wanahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, na raia wa Oman vilevile. Kibali cha kuishi Uingereza hakikuondolei hitaji hilo, ila kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, kama Ujerumani au Uholanzi, kinatosha pamoja na pasipoti yako. Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90, bima ya matibabu isipungue euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari. Nawasihi msisubiri hizo siku 15. Nafasi za miadi hujaa, hasa kuelekea kiangazi.

Hali ya hewa

Watu wa pwani yetu husema, "Joto? Sisi tumezaliwa nalo." Joto la Sevilla ni jingine. Dar es Salaam inalowesha shati, lakini upepo wa bahari unavuma. Sevilla iko bondeni mwa mto Guadalquivir, mbali na bahari, na Julai na Agosti kipimo hupita nyuzijoto 40 mara kwa mara. Hewa ni kavu, mawe ya barabarani yanarudisha moto usiku, na wenyeji wenye uwezo hukimbilia pwani. Maduka madogo hufungwa mchana, na mitaa unayotaka kuiona inakuwa tupu. Kwa likizo fupi huo ni upotevu, kwa sababu saa zako za katikati ya siku utazimalizia chumbani kwenye kiyoyozi.

Sevilla hiyohiyo mwezi Machi au Aprili ni kitu kingine kabisa. Michungwa imepandwa barabarani kila mahali, na inapochanua mji mzima unanukia. Mwisho wa Oktoba na Novemba pia ni vizuri, na hata Januari mchana huwa wa koti jepesi.

Madrid iko juu, mita 650 hivi kutoka usawa wa bahari. Kiangazi chake ni kikali, kipupwe chake kinauma, na usiku wa Januari hukaribia sifuri. Granada iko juu zaidi kidogo, chini ya milima ya Sierra Nevada ambako kilele cha Mulhacén kinakaribia mita 3,480. Mchana wa Julai kuna joto kali, lakini usiku hupoa, na kipupwe theluji huonekana mlimani ukiwa umekaa mjini na chai yako. Barcelona ndiyo yenye hali ya wastani mwaka mzima kwa sababu ya bahari. Agosti ina unyevu ambao mtu wa Mombasa atautambua, na bahari yenyewe ni ya baridi hadi karibu Juni.

Jambo moja la kufurahisha: Hispania inafuata saa za Ulaya ya Kati ingawa iko magharibi sana, kwa hiyo mwezi Juni jua huzama kuelekea saa nne usiku. Siku tatu za Juni zina mwanga mwingi kuliko siku nne za Desemba.

Vya kuona

Ukubwa wa Madrid uko ndani ya majengo. Makumbusho ya Prado, yaliyofunguliwa 1819, yana michoro mingi ya Velázquez na Goya kuliko mahali popote, na kwa umbali wa kutembea tu kuna makumbusho ya Reina Sofía, ambako mchoro wa Picasso uitwao Guernica umechukua ukuta mzima. Wengi hukimbilia Las Meninas, mchoro wa Velázquez wa 1656, na kuondoka. Mimi ningekuomba utafute pia mchoro uitwao Wito wa Mtakatifu Mathayo, wa mwaka 1661, uliochorwa na Juan de Pareja. Pareja alikuwa mtumwa wa Velázquez, mtu mwenye asili ya Afrika, akaandikiwa hati ya uhuru mwaka 1650 na kuendelea kuwa mchoraji kwa jina lake mwenyewe. Amejichora pembeni kushoto, amesimama na karatasi mkononi, anakutazama. Kwa msomaji wa Kiafrika nadhani hicho ni miongoni mwa vitu vizito zaidi katika mji huo. Nje ya makumbusho kuna bustani ya Retiro, soko la mitumba la El Rastro kila Jumapili, kasri la kifalme na uwanja wa Bernabéu. Ukichoka na mji, Toledo iko nusu saa kwa treni.

Barcelona ni mji wa kutazama juu. Msanifu majengo Gaudí alikabidhiwa kanisa la Sagrada Família mwaka 1883, mwaka mmoja baada ya ujenzi kuanza, akaendelea nayo hadi alipogongwa na tramu na kufariki mwaka 1926. Ujenzi ulivuka karne na bado unaendelea, na mwaka 2025 mnara wake wa kati ulilipita kanisa la Ulm la Ujerumani, ukalifanya kanisa hili kuwa refu kuliko yote duniani. Vioo vya upande wa mashariki ni vya buluu na kijani, vya magharibi ni vyekundu na rangi ya chungwa. Kwa hiyo saa ya tiketi yako inaamua utakachokiona: asubuhi ndani kunakuwa kama chini ya maji, na alasiri jioni rangi ya moto inajaa hadi kwenye nguzo. Kata tiketi ya saa ambayo rangi yake unaitaka. Ongeza Park Güell, Casa Batlló, Makumbusho ya Picasso na mitaa ya kale ya Gòtic, halafu ufukwe wa Barceloneta ambao unaufikia kwa metro. Kati ya miji hii minne ni Barcelona pekee yenye bahari. Mashabiki wa Barça wakague kwanza hali ya Camp Nou, kwa sababu ukarabati mkubwa ulioanza 2023 ulibadilisha utaratibu wa ziara.

Sevilla ina mambo matatu yaliyo hatua chache kutoka jingine hadi jingine: kanisa kuu, mnara wa Giralda na kasri la Alcázar. Giralda ilikuwa mnara wa msikiti, ikakamilika 1198, na ndani yake, isipokuwa ngazi chache za juu kabisa, kuna miteremko 35 inayopanda taratibu, iliyotengenezwa ili mwadhini apande juu kwa mnyama. Hata asiyeweza ngazi anaweza kujaribu. Alcázar ndiyo inayonishangaza zaidi, kwa sababu mfalme Mkristo, Pedro wa Kwanza, alijenga kasri lake katika miaka ya 1360 kwa mikono ya mafundi Waislamu, na maandishi ya Kiarabu yamejaa kutani. Vuka mto uingie Triana, mtaa wa vigae na wa muziki na ngoma ya flamenko. Wiki Takatifu kabla ya Pasaka, vyama vya kidini hutembeza sanamu mitaani usiku na mchana. Kimojawapo, kinachojulikana kama Los Negritos, kilianzishwa mwishoni mwa karne ya 14 kwa ajili ya Waafrika waliokuwa mjini, wengi wao watumwa, na mpaka leo kinatoka Alhamisi Kuu. Ukiwa Sevilla wiki hiyo, simama ukisubiri.

Granada ni Alhambra kwanza, mengine baadaye. Ujenzi wa kasri hilo chini ya watawala Waislamu wa ukoo wa Nasri ulianza 1238, na tarehe 2 Januari 1492 ufunguo wa mji ulikabidhiwa kwa watawala Wakristo, Isabel na Fernando, ukawa mwisho wa utawala wa Kiislamu Hispania. Kutani sentensi ileile inarudi mara zisizohesabika: wala ghaliba illa Allah, hakuna mshindi ila Mungu. Watalii wengi huiona kama pambo tu, lakini mtoto aliyepita madrasa ya Lamu au Zanzibar ataisoma. Kuna na jambo jingine linaloufunga mji huu na sisi. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Granada yapata miaka 20 baadaye, na huko ndiko alikokutana na kijana Ibn Juzayy. Huyo ndiye aliyekuja kuandika kumbukumbu za safari zake miaka michache mbele, pamoja na kurasa za Kilwa tunazozitegemea hadi leo. Sijui mji mwingine wa Ulaya ambao historia ya pwani yetu inaugusa hivyo. Baada ya Alhambra, panda Albaicín hadi uwanja wa San Nicolás jioni, utazame kasri ng'ambo likibadilika rangi. Siku ya tatu utaanza kurudia mitaa ileile, na kwa mtu wa mapumziko hilo si tatizo.

Chakula na mahali pa kuswali

Kote Hispania saa za kula ni zao: chakula cha mchana kuanzia saa nane, cha usiku kuanzia saa tatu. Ukifika mgahawani saa kumi na mbili jioni utakuta jiko limefungwa. Siku za kazi migahawa mingi ina menú del día, seti ya mchana yenye sahani mbili na kitinda mlo au kahawa kwa bei moja. Ndiyo njia bora ya kula vizuri bila kufilisika.

Wasiokula nguruwe wanahitaji uangalifu, kwa sababu jamón huingia hata kwenye maharage na supu baridi ya salmorejo. Jifunze kusema "sin jamón, sin cerdo", yaani bila paja la nguruwe lililokaushwa, bila nguruwe. Granada inaongoza kwa urahisi: mtaa wa Calderería Nueva umejaa migahawa ya Kimoroko na nyumba za chai, na msikiti mkuu uliofunguliwa 2003 uko Albaicín, karibu na San Nicolás. Madrid ina Lavapiés, ambako Wabengali na Wasenegali wamefungua migahawa, na pia kituo kikubwa cha Kiislamu kando ya barabara ya M-30. Barcelona ina mtaa wa Raval wenye migahawa mingi ya Kipakistani ya halali. Sevilla ndiyo yenye machaguo machache zaidi, ingawa samaki wa kukaanga na mchicha wake wa kupikwa kwa dengu vitamshibisha mtu bila wasiwasi.

Granada ina desturi nyingine nzuri: ukiagiza kinywaji, hata soda, unaletewa sahani ndogo ya chakula bila malipo. Uliza kwanza ni nyama gani.

Gharama na bughudha

Barcelona ndiyo ghali zaidi kwa malazi, na juu yake kuna kodi ya utalii kwa kila usiku. Wakazi wamechoka na wageni. Mwaka 2024 kulikuwa na maandamano ambapo watalii walirushiwa maji, na halmashauri ilitangaza kwamba leseni zaidi ya 10,000 za nyumba za kupangisha watalii hazitaendelea baada ya Novemba 2028. Hawana ugomvi na wewe binafsi, wanalilia kodi za nyumba zao. Mimi ningelala hoteli yenye leseni, nikae kimya ngazini usiku. Vibaka wa mifukoni wapo miji yote, ila La Rambla na metro ya Barcelona zinahitaji mkoba wa mbele na simu ndani.

Madrid ina vyumba vya kila bei kwa sababu ya ukubwa wake, na Prado, ambayo tiketi yake ni euro 15, ni bure saa mbili za mwisho kila siku. Sevilla ni nafuu isipokuwa Wiki Takatifu na tamasha la Feria de Abril, bei zinapopaa. Granada ndiyo rahisi kuliko zote nne kwa malazi na chakula. Bughudha yake ni moja tu, tiketi ya Alhambra. Huuzwa kwa jina na namba ya pasipoti, ina saa maalumu ya kuingia majumba ya Nasri, na ukichelewa saa hiyo hutaingia majumba hayo. Kwenye miezi ya watu wengi humalizika wiki kadhaa kabla.

Nani aende wapi

Unakuja Ulaya kwa mara ya kwanza na ndege yako inatoka Afrika Mashariki: Madrid au Barcelona, kuepuka kuunganisha tena. Kama ni kipupwe na unapenda historia na michoro, nenda Madrid, kwa kuwa baridi haikuzuii ndani ya makumbusho.

Una watoto, ni Juni au Septemba: Barcelona. Bahari itawatuliza mchana, na majengo ya Gaudí ni miongoni mwa machache yanayomvutia mtoto bila maelezo. Jiandae tu kulipa.

Mko wawili, mmeoana juzi au mmeoana zamani, ni Machi, Aprili au Novemba: Sevilla. Ni mji wa kutembea bila ratiba.

Unasafiri na mama au baba mtu mzima: Sevilla tena nje ya kiangazi, kwa sababu ni tambarare, au Madrid kwa sababu metro na teksi ziko karibu. Granada iwe tu kama mnaweza kulipia hoteli iliyo chini, karibu na kituo cha mabasi madogo.

Safari yako ni ya kufuata nyayo za historia ya Kiislamu, unataka kuswali kwa utulivu na kula bila kuuliza kila sahani: Granada, siku tatu kamili, hata kama njia ni ndefu.

Una Julai au Agosti pekee, kazi haikupi mwezi mwingine: Barcelona, au Granada ukiweza kulala mchana na kutoka jioni. Sevilla iache mpaka majira yabadilike.

Na utaratibu wa kununua ni huu: kwa Granada anza na tiketi ya Alhambra, kisha treni, kisha hoteli. Kwa Barcelona anza na Sagrada Família na Park Güell. Kwa Madrid na Sevilla anza na hoteli, halafu linganisha bei za kampuni za treni, Renfe, Ouigo na Iryo, siku hiyohiyo, kwa sababu tangu kampuni hizo zianze kushindana, mwenye kuwahi hupata nauli ya chini sana kuliko anayekata tiketi kituoni.